Punje Moja ya Maharage

Mama mdogo aliinama juu ya mkeka, akaokota punje moja ya maharage kutoka sahani ya gharama, akaishika kati ya vidole viwili kwa muda, halafu akairudisha palepale.

Hakusema kitu.

Ilikuwa mwishoni mwa Agosti, kwenye ofisi ya kijiji huko kwetu Kilolo, ile baridi ya asubuhi bado haijaachia. Mkekani kulikuwa na sahani tano za bati na punje mia moja za maharage ya njano. Kuzunguka mkeka walikaa watu kumi na wawili wa kamati ya maji. Mimi nilikuwa nimetoka Iringa mjini alfajiri na kompyuta begani, kwa sababu mwenyekiti wa kamati alinipigia simu akaniambia, "Wewe si ndiyo kazi yako hiyo, kupima mambo kwa namba? Njoo utusaidie tusigombane."

Nikaenda, na kweli hatukugombana. Kabla ya saa sita mpango ulikuwa umepatikana, tukanywa chai kwa viazi vya kuchemsha, nikarudi mjini.

Ile punje ikanifuata mpaka nyumbani.

Sahani tano

Mipango ilikuwa mitatu. Wa kwanza, kutega chemchemi ya juu msituni na kuyashusha maji kwa mserereko hadi kwenye tangi, kisha vilulani, karibu na nyumba za watu. Wa pili, kuchimba kisima kirefu pale shuleni na kuweka pampu ya sola. Wa tatu, kuijengea vizuri chemchemi ya bondeni, ile tunayochota tangu enzi za mababu, na kila mtu aendelee kuteremka na kupanda kama kawaida.

Sehemu kubwa ya fedha ilikuwa inatoka nje ya kijiji. Kila kaya ilitakiwa ichangie shilingi 80,000 kwa mserereko, 56,000 kwa kisima, 20,000 kwa bondeni.

Sahani zilikuwa za vigezo. Niliwaomba wagawe punje mia moja kulingana na umuhimu wa kila kimoja. Wakabishana kwa heshima, wakaweka, wakatoa, wakaweka. Mwishowe gharama ilipata 35, uhakika wa maji kiangazi 25, uendeshaji 20, umbali 10, ubora wa maji 10.

Kisha nikaupa kila mpango alama kati ya 0 na 100 kwa kila kigezo. Kwa gharama na umbali hesabu ilikuwa nyepesi: mpango bora 100, mbaya kabisa 0, wa katikati kwa uwiano. Vilula vya mserereko vingekuwa mita 200 kutoka kwenye nyumba, kisima cha shule mita 500, bondeni mita 1,200. Vigezo vitatu vilivyobaki tuliviwekea alama kwa makubaliano. Kwa upande wa maji ya kiangazi, kwa mfano, kisima kilipewa 100, bondeni 80, mserereko 60, kwa kuwa chemchemi ya juu hupungua Oktoba na hakuna aliyewahi kupima inapungua kiasi gani.

Nikazidisha, nikajumlisha. Bondeni 73, kisima 56, mserereko 53.

Watu wakapiga makofi. Mama mdogo naye alipiga, ila macho yake yalikuwa kwenye zile sahani.

Nilipojiridhisha vibaya

Wiki tatu nilikuwa naliona lile tendo lake. Nikiwa kwenye daladala nalikumbuka. Nikiwa kazini nafungua jedwali la watu wengine, nalikumbuka.

Nikaamua kuhakiki uzito kwa njia nyingine. Thomas Saaty, aliyebuni mbinu ya ulinganishaji wa ngazi kwa ngazi miaka ya 1970, hataki umwambie mtu agawe mia moja kwa mkupuo. Anataka uulize jozi moja moja: kati ya gharama na umbali, kipi kina umuhimu zaidi, na kwa kiasi gani kwenye kipimo cha 1 hadi 9? Vigezo vitano vinatoa jozi kumi. Ukimaliza, kuna hesabu inayokuonyesha kama majibu yanapingana yenyewe kwa yenyewe. Ikiwa chini ya 0.10, unaendelea.

Niliwapigia simu wajumbe watatu nikawauliza jozi zote kumi. Majibu yao yakatoa 0.07, na uzito ukaja karibu uleule: gharama juu, umbali chini.

Nilifurahi. Nililala vizuri siku mbili.

Siku ya tatu nikaamka na wazo lililonikosesha raha. Hesabu ile inaangalia kama mtu hajajipinga. Haina namna ya kujua kama ameelewa swali. Na mimi swali nililowauliza kwa simu lilikuwa lilelile la mkekani. Kama lilikuwa na kasoro, nilikuwa nimeirudia kasoro hiyo mara kumi kwa kila mtu, na wote wakanijibu kwa uaminifu.

Katikati ya Septemba nikapanda gari kurudi kijijini, safari hii bila kompyuta.

Umbali upi?

"Kamwene."

"Kamwene, mwanangu. Umekuja bila taarifa, tunaenda kwanza kuteka maji."

Mama mdogo alinipa dumu, yeye akachukua ndoo na ngata yake ya kitenge. Tukateremka. Njia ya bondeni ina sehemu mbili ambazo lazima ushike migomba, na hapo bado hujabeba kitu. Tukajaza. Tukaanza kupanda. Nilitaka kumuuliza swali langu njiani, pumzi ikakataa, nikasubiri hadi tulipofika kwenye jiwe ambalo wanawake wote wa kitongoji kile hupumzikia. Limelainika juu kama benchi la kanisani.

"Mama, siku ile ya mkutano uliokota punje moja ukairudisha. Kwa nini?"

Akacheka kidogo. Akajifuta uso.

"Niliona kama ninaiba. Wewe ulituuliza umbali una umuhimu gani. Nikajiuliza, umbali upi? Kule mkutanini mazungumzo yalikuwa ya vilula: kikae kwa mwalimu au kwa mwenyekiti, huku mita mia mbili, kule mita mia tatu. Kwa umbali huo, punje kumi zinatosha, hata tano. Nikataka kuongeza moja, nikaona nitaonekana mlalamishi. Lakini kama ulikuwa unauliza umbali huu," akanyoosha kidevu kuelekea tulikotoka, "basi hukutuuliza."

Nilikaa pale juu ya jiwe muda mrefu kuliko uchovu ulivyohitaji.

Huo ndio ulikuwa ugonjwa wenyewe. Watu walikadiria uzito wa umbali wakiwa na picha ya tofauti ya mita mia moja kati ya kilula na kilula. Mimi nikauchukua uzito huohuo nikaupachika kwenye tofauti ya mita elfu moja ya mlima. Kwenye jedwali neno ni moja, "umbali". Ila kitu walichokipima na kitu nilichokizidisha vilikuwa viwili tofauti kabisa.

Wataalamu wa fani hii wanalijua kosa hili. Rüdiger von Nitzsch na Martin Weber walilichunguza kwa majaribio na kuchapisha matokeo mwaka 1993: watu wakiulizwa umuhimu wa kigezo, hawarekebishi majibu yao vya kutosha pale tofauti kati ya kiwango kibaya na kiwango kizuri cha kigezo hicho inapopanuka au kusinyaa. Nilikuwa nimelisoma hilo zamani. Nilikuwa ninaifahamu pia Sera ya Taifa ya Maji ya 2002, iliyosema kituo cha maji kiwe ndani ya mita 400 na kila mtu apate lita 25 kwa siku. Bondeni ni mara tatu ya umbali huo. Yote mawili nilikuwa nayo kichwani nilipotandika mkeka, na hakuna hata moja nililoliweka sahanini.

Nikapiga hesabu palepale. Nyumba ya mama mdogo inateka mara tatu kwa siku. Tofauti kati ya bondeni na kilula ni mita 1,000 kwenda na 1,000 kurudi, kwa hiyo kilomita 6 kila siku. Kwa mwaka ni kilomita 2,190. Iringa hadi Dar es Salaam ni kama 500. Kila mwaka anakwenda Dar na kurudi mara mbili, kwa miguu, na nusu ya njia ana lita ishirini kichwani.

Nilimwambia. Akasema, "Ndiyo maana magoti."

Swali likaulizwa upya

Mwisho wa Septemba kamati ilikubali kukutana tena. Safari hii sikuuliza umuhimu wa kitu chochote.

Niliwaomba wafikirie mpango mbaya kuliko yote mitatu, wenye kila ubaya ndani yake: mchango 80,000, maji mita 1,200 bondeni, chemchemi inakauka Oktoba, pampu ikifa fundi mpaka atoke mjini, maji yenye tope. Kisha nikawaambia: mmeruhusiwa kurekebisha jambo moja tu, kutoka ubaya wake hadi uzuri wake. Mchango ushuke kutoka 80,000 hadi 20,000, au maji yasogee kutoka mita 1,200 hadi 200, au maji yasikauke, na kadhalika. Mnaanza na lipi? Likishapatikana la kwanza, yale mengine yana thamani kiasi gani yakilinganishwa nalo?

Nikawagawa wanawake na wanaume, kila kundi na maharage yake.

Wanawake hawakuchukua dakika tano. Umbali 35, uhakika 25, gharama 15, uendeshaji 15, ubora 10. Kwa uzito huo mserereko unapata 73, namba ileile iliyoipa bondeni ushindi mwezi uliopita. Kisima 65.5. Bondeni inaporomoka hadi 48.5.

Wanaume waligawanyika. Mzee mmoja ambaye ninamheshimu sana alishikilia gharama ibaki 35. Nilijiandaa kumpinga na hesabu yangu ya kilomita, na nashukuru nilinyamaza, kwa sababu alieleza hivi: "Mwanangu, elfu themanini ninayo. Sina elfu themanini ya Januari." Januari kuna sare na madaftari, kuna mbolea ya kukuzia, na gunia la mwisho la mahindi linaangaliwa kama mtoto. Ratiba ya mchango ilikuwa imeandikwa Januari.

Kumbe mzee alikuwa anapima kitu ambacho hakikuwa sahanini: mwezi.

Hapo hatukugusa uzito wake hata kidogo. Tuligusa mpango. Mchango ukagawanywa mara mbili, nusu Julai baada ya mavuno, nusu Septemba baada ya kuuza. Mzee akatoa punje kumi na mbili kwenye sahani ya gharama kwa mkono wake mwenyewe.

Bado watu hawakulingana, na sikuona sababu ya kuwalazimisha. Kuchukua wastani kati ya anayebeba ndoo na asiyebeba kunanipa namba ambayo haimwakilishi yeyote kati yao. Nikafanya jambo jingine. Nikachukua uzito wa mkutano wa kwanza na kuanza kuhamisha punje moja moja kutoka gharama kwenda umbali, nikitazama ni wapi jibu linageuka. Umbali ukifika 20 na gharama 25, bondeni na mserereko zinafungana, 63 kwa 63. Ukivuka hapo, mserereko unashinda.

Kwa hiyo mjadala ukawa mwepesi: kuna mtu hapa anayeamini kwamba mlima ule una uzito chini ya punje ishirini katika mia?

Mikono miwili. Kati ya kumi na mbili.

Kisichofidiwa

Ningeweza kuishia hapo. Lakini nikiwa ninajaribu namba usiku ule nyumbani kwa mama mdogo, kwa taa ya simu, niliona kitu kilichonitisha. Nikiweka alama ya mserereko kwenye uhakika wa kiangazi kuwa 0, yaani chemchemi ikauke kabisa, kwa uzito wa wanawake mserereko bado unapata 58 na kuishinda bondeni.

Jedwali lilikuwa linaniambia kilula kikavu kilicho mlangoni ni bora kuliko chemchemi hai iliyo bondeni.

Kujumlisha kuna tabia hiyo. Kila upungufu unaweza kulipwa na wingi wa kitu kingine, kana kwamba ukaribu wa Aprili unaweza kunyweka Oktoba. Bernard Roy, Mfaransa aliyeanzisha mbinu za ELECTRE miaka ya 1960, hakutaka ufidiaji wa aina hiyo usio na mipaka. Mbinu hizo zilikuja kuweka turufu: mpango ukizidiwa mno kwenye kigezo fulani, kigezo hicho kinazuia usitangazwe bora, hata kama vingine vyote vinausifu. Nadhani mabibi zetu wangemwelewa haraka kuliko nilivyomwelewa mimi darasani. Mchumba mwenye shamba kubwa anayepiga wanawake hapunguziwi alama. Anarudishwa kwao.

Asubuhi tukapanda msituni watu watano, na ndoo ya lita 20 na saa ya simu. Chemchemi inatoka chini ya miti miwili mikubwa ya mivengi. Juu yake kidogo, ndani kabisa ya zile mita 60 ambazo sheria ya mazingira ya 2004 inataka ziachwe, mtu amepanda mikaratusi. Tukatega, tukapima mara tatu. Ndoo ilijaa kwa sekunde 25.

Kijiji kina watu 1,100. Kwa lita 25 kila mmoja ni lita 27,500 kwa siku. Sekunde 25 kwa ndoo ni lita 69,120 kwa siku, zaidi ya mara mbili. Hata ndoo ikichukua dakika nzima tunapata lita 28,800, bado tunapona.

Basi tukakubaliana pale pale, kabla hatujajua Oktoba italeta nini: ndoo isizidi sekunde 60. Ikizidi kabla ya mvua, mserereko umetoka, tunarudi kwenye kisima, wala hakuna punje zitakazohesabiwa tena.

Sahani ya sita

Tukiwa tunashuka, kijana aliyebeba ndoo akaniuliza kwa upole, "Kaka, na vinyungu?"

Sikumwelewa mara moja.

Maji ya chemchemi ile yanateremka kwenye kibonde ambako kaya kama ishirini zina vinyungu, yale matuta ya kiangazi ya mahindi ya kuchoma, kabichi na maharage. Ndiyo pesa ya Novemba. Tukiyaweka maji yote kwenye bomba, vinyungu vinakufa. Katika mikutano miwili, kwa sahani tano na punje zote zile, hakuna aliyevitaja, na kigezo ambacho hakikutajwa kimepewa uzito wa sifuri bila mtu yeyote kuamua hivyo.

Hili ndilo linaloniuma zaidi katika yote haya. Nilitumia wiki kadhaa kujiuliza kama umbali ni 10 au 35, wakati kaya ishirini zilikuwa kwenye 0, na hakuna ukokotozi wowote ambao ungenigutusha. Aliyenigutusha ni kijana aliyebeba ndoo, na aliniuliza kwa sababu tu tulikuwa tunapita shambani kwake.

Kamati ilikaa kwa mara ya tatu, jioni, nje ya nyumba ya mwenyekiti. Hoja ilikuwa ngumu na ilipanda sauti. Wa vinyungu walisema wao ni wanakijiji pia. Wengine walisema maji ya kunywa kwanza. Mwishowe mama mmoja mwenye kinyungu chake akatoa njia ambayo sasa inaonekana wazi kabisa: usiku maji yaingie tangini, mchana yateremke vinyunguni. Saa kumi na mbili, saa kumi na mbili.

Nikarudia hesabu. Lita 27,500 sasa lazima zipatikane kwa saa kumi na mbili badala ya ishirini na nne. Ndoo ikijaa kwa sekunde 31, tangi linapata lita 27,870 kwa usiku mmoja. Ikijaa kwa sekunde 32, linapata 27,000, haitoshi.

Mpaka ulikuwa sekunde 60. Ukawa 31.

Nilipowasomea, pakawa kimya. Kisha mwenyekiti akauliza kama wote wanakubali mpaka huo, pamoja na kwamba unaweza kuunyima mserereko ushindi wake. Wakakubali. Mama mdogo alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, yeye mwenye magoti yale.

Jumamosi

Tangu hapo yeye ndiye mpimaji. Kila Jumamosi asubuhi anapanda msituni na yule kijana, wanapima mara tatu, ananitumia ujumbe wenye namba moja tu ndani yake. Mikaratusi mmiliki amekubali kuikata, na itakatwa mvua zikianza ili ipandwe mivengi mahali pake, lakini faida ya hilo haitaonekana mwaka huu.

Jumamosi ya kwanza ya Oktoba: 26.

Ya pili: 27.

Ya tatu: 28.

Ya nne nilisubiri hadi saa saba mchana, simu kimya, nikampigia nikakuta hapatikani. Ujumbe ukaingia jioni. Walikuwa wamepima mara sita, akaniandikia, kwa sababu hawakuiamini namba.

30.

Mvua bado.